Binti yangu nilimwita Suzan kwa wivu, jina la mama mkwe likachukuliwa na mwenzangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Haya ni ya kwangu mwenyewe na sijatia chumvi. Aliyekuwepo Nizwa, kule Oman, miaka ya themanini mwanzoni akiona nimeongopa, anisute.

Tulikuwa wanawake wawili katika nyumba moja, tumeolewa na ndugu. Mimi wa Unguja. Mwenzangu, Rahma, kwao Nairobi, Kiingereza kinamtoka kama maji, kazi yake hospitali, akiwatafsiria manesi wa Kizungu.

Mimba zetu zikaja pamoja.

Basi kila alasiri majirani wakija kunywa kahawa, habari ni majina ya watoto ya Kizungu. Ndo ilikuwa fashion.

"Rahma, hebu nambie, Margaret maana yake nini?" Lulu, asili yake Kigiriki. Na Daisy? Jicho la mchana, kwa sababu ua lenyewe hufunguka kukikucha. Peter? Jiwe.

Jiwe, wakuu! Mtu anamwita mwanawe Jiwe na watu wanasema mashaallah.

Mama mkwe wetu, Bi Zuwena, alikuwa akicheka mpaka kanga inamdondoka. Kahawa nimepika mimi, vikombe naosha mimi, na hakuna aliyeniuliza hata maana ya jina langu. Niliona wivu, sifichi. Wivu wa kukosa usingizi.

Sasa eleweni mila yetu. Mjukuu wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba, akawa somo wake, yaani wajina wake. Bibi mwenyewe haombi, ni aibu, hungoja apewe. Na nyumba moja haiwekwi Zuwena wadogo wawili.

Jina lile nililitaka tangu naolewa. Mama yangu mzazi alibaki Unguja, na Bi Zuwena ndiye mama pekee niliyekuwa naye huku.

Nikajifungua mwanzo mimi, mtoto wa kike. Jina limo mkononi.

Lakini kabla ya akika nikamsikia Rahma akiwaambia majirani kwamba Susan ni jina zuri sana, limetoka kwenye Kiebrania, maana yake yungiyungi, na Waarabu pia wanalo, Sawsan. Nikasadiki anamwekea mwanawe. Nikaona akilipata hilo, nyumba nzima itamwendea yeye.

Siku ya akika mume wangu akaniuliza jina. Nikasema, "Suzan."

Akaduwaa. "Suzan? Si ulikuwa unasema Zuwena?"

"Suzan. Maana yake yungiyungi."

Bi Zuwena alikuwa mlangoni na sinia la nyama. Akasema, "Allah amkuze," akaenda zake jikoni.

Haukupita muda mrefu Rahma naye akajifungua wa kike. Siku ya saba akamchukua mtoto, akamweka mapajani mwa mama mkwe.

"Mama, somo wako huyu."

Bi Zuwena alilia. Sikuwahi kumwona akilia.

Nikamfuata Rahma chumbani, roho inaniwaka. "Wewe na majina yako yote ya Kizungu, mbona hukumpa hata moja?"

"Yale naulizwa, dada, najibu tu," akasema. "Mwanangu sikumtakia jina lenye maana. Nilimtakia jina lenye mtu."



Watoto walipoanza kukimbia, kila asubuhi Bi Zuwena akifungua mlango wake huita, "Somo! Njoo!" Wangu ndiye aliyekuwa anafika mwanzo, mikono juu. Bi Zuwena humpapasa kichwa kwa upole. "Si wewe, mwanangu. Kamwite mwenzio."

Naye huenda kumwita.

Funzo langu, wakuu: jina la mtoto usilichague huku unamtazama mtu mwengine. Na msinishauri nisamehe, wivu wangu upo palepale, yule Zuwena mdogo ana watoto wake sasa na nikimwona bado moyo unanichoma.

Mliopewa majina ya bibi zenu, hebu semeni: mlipendwa zaidi, au ni mawazo yangu tu?