Mama Mdogo na Neno la Vigae

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa karibu na Kenyenya mwalimu wa Kiingereza alipoandika ubaoni neno ostracise. Akasema maana yake ni kumtenga mtu. Limetoka kwa Wagiriki wa kale: raia walikwaruza jina kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika, na aliyeandikwa na wengi aliondoka mjini kwa miaka kumi. Shamba lake halikuguswa. Miaka ikiisha, alirudi.

Nikamkumbuka mama mdogo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchuma chai kabla sijajua kusoma. Alikuwa mjane, akiishi ng'ambo ya mto. Jumamosi moja, siku yetu ya Sabato, watu wakiwa kanisani, alichuma chai yake kwa sababu ilikuwa imezidi kukua naye alikuwa amelala na homa wiki nzima. Sabato chache baadaye jina lake likasomwa mbele ya waumini, likafutwa katika orodha ya kanisa. Hakuna aliyemfukuza kijijini. Ila wanawake waliacha kwenda kumsaidia kuchuma, na mama yangu, dada yake wa toka nitoke, akaniambia, "Usionekane kwake." Mwaka haukuisha, akahamia Itumbe kufanya kibarua katika mashamba ya watu.

Siku ile ya neno, nilimuuliza mama, "Mama mdogo atarudi lini?"

"Hakuna aliyemzuia."

"Kuna aliyemwambia hivyo?"

Mama aliendelea kuchambua mboga. Lakini Jumapili alijifunga leso yake nzuri, akakata mkungu wa ndizi, tukaenda Itumbe.

"Karibu, mama," mama mdogo aliniambia, akinishika mashavu kama mtoto. Mama yangu alimwambia tu, "Umekonda."

"Rudi nyumbani," mama alisema. "Nilikukosea."

Mama mdogo aliupokea mkungu wa ndizi. "Nimeshazoea huku," akasema. "Lakini muwe mnakuja."

Tunaenda hadi leo. Tunakula, tunacheka, kisha anatusindikiza hadi penye boda boda. Kila mara mama humuuliza kama hajabadili nia, naye humrekebishia leso mabegani. Njiani mama hulia kidogo. Mimi natazama nyuma mpaka kona imfiche, nikitamani angalau mara moja awe amepanda nasi.