Bibi Aliyeimba Juu ya Techno

Kaka yangu alinunua mashine mbili za santuri kwa mzungu mmoja wa mtaa wa Kiriri aliyekuwa akifunga nyumba ili akimbie vita. Mzungu huyo alimwongezea boksi la santuri za techno, ule muziki wa midundo ya mashine, bure, nadhani aliona haya kurudi nazo kwao. Mjini kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, kuvrefe kama tulivyoiita, kwa hiyo karamu zilihamia mchana. Tulicheza techno jua likiwa utosini, tumevaa nguo za kanisani.

Kaka alijifunza upesi kulinganisha mwendo. Santuri moja ikiwa inacheza, aliisikiliza ya pili kwa sikio moja, akaiharakisha au kuichelewesha kwa kidude kilichokuwa ubavuni mwa mashine, mpaka ngoma za zote mbili zikapiga pamoja kama zinatwanga kinu kimoja. Hapo aliifungulia ya pili, uso umejaa fahari. Mimi niliimba kwenye kwaya ya parokia, na masikio yaliniuma.

"Yaya, zinagombana," nilimwambia; ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

"Mwendo iko sawa."

"Mwendo ndiyo. Sauti apana. Ni kama mapadri wawili wanaimba misa mbili kwa altare moja."

Alinuna, kisha akaniwekea kiti kando yake. Kazi yangu ikawa kuimba kila santuri mdomo ukiwa umefumbwa, nitafute noti yake ya nyumbani, ile ambayo muziki hurudi kupumzikia, halafu nimchagulie zinazopatana. Taabu ni kwamba ukiharakisha santuri, sauti nayo inapanda. Yeye akiupata mwendo, mimi naipoteza noti. Tuligombana kuliko santuri zenyewe.

Basi tukaitwa kwenye harusi moja mtaa wa Kibenga. Vijana walicheza, lakini bibi wa bi harusi alikaa amekunja mikono.

"Muziki hii haina watu ndani," alisema.

Mara zikasikika risasi kutoka milimani. Kaka akazima muziki. Watu wote wakasimama, vichwa vimeinama upande, wakipima umbali, kama tulivyozoea.

"Ni mbali," alisema baba wa bi harusi.

Hata hivyo wengine walikwishaanza kutafuta mikoba. Yule bibi akawatazama.

"Kama ni kurudi, turudi tumekula," alisema. Akaanza kupiga makofi palepale kitini, akaimba wimbo wa Kirundi wa kumsindikiza bi harusi. Watu wakacheka. Wanawake wakamwitikia, mikoba ikarudi chini.

Kaka akaninong'oneza, "Anaimba kwa noti gani?"

Niliivumisha puani, nikachomoa santuri moja. Akaipunguza mwendo hadi ikapatana na makofi, akaifungulia taratibu. Ngoma ziliingia vizuri, lakini sasa noti ilikuwa imeshuka chini ya sauti ya bibi.

"Fuata koo lake," nilisema.

"Mi nafuata mikono."

Tukaanza kusukumana juu ya kile kidude. Bibi akageukia spika kama anayemtazama mtoto aliyemkatiza maneno. Akasikiliza kidogo. Ubeti uliofuata aliuanza chini zaidi, sawasawa na noti ya santuri.

Kisha, kama ilivyo desturi ya wapiga makofi, akaanza kuharakisha. Kaka akamfuata. Noti ikapanda, bibi akapanda nayo, wanawake nyuma yake, mpaka tukafika mahali ambapo hata soprano wa kwaya yetu walipaogopa. Alimaliza kwa kikohozi na kicheko, akaomba soda. Watu wakala, wakarudi makwao kabla ya kuvrefe.

Tangu siku hiyo, waliokuja kutukodi waliuliza kwanza kama bibi anakuja na mashine. Mwishowe kaka alimwendea, akamwomba kwa adabu zote. Bibi alikubali kwa masharti mawili: afuatwe nyumbani kwa gari, na mimi na kaka tusiguse kile kidude wakati mmoja.