Dunia ya Pili ya Mwalimu Zihindula

Mtu mwenye haraka na suruali yake hakuipeleka kwa Mwalimu Zihindula. Mshono wake ulikuwa safi, hilo hata waliomchukia walikubali, na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa na watu wa kutosha wa kumchukia. Shida ilikuwa maelezo.

"Mwalimu, pantalon yangu iko tayari?" mteja angeuliza.

"Kule iko tayari," angejibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Huku, rudi siku ya ine."

Kule ni wapi, kila mtu alikwisha kuambiwa, apende asipende. Zihindula alizaliwa Bukavu, akafundisha fizikia Uvira kwa miaka kumi na mmoja, mpaka vita vya 1996 vilipoifunga shule yake. Kabla ya hapo padri mmoja aliyehamishwa alimwachia sanduku la magazeti ya sayansi ya Kifaransa. Humo alisoma kwamba wako wataalamu, watu wazima wenye mishahara, wanaosema dunia hugawanyika. Mwalimu aliichukua habari hiyo akaipunguza hapa na pale, kama fundi yeyote, ikawa hivi: mtu akichagua njia moja, ile aliyoiacha haifi. Inaendelea na mambo yake, na ndani yake yumo yeye mwingine, mwenye jina lilelile na jino bovu lilelile. Na wakati wenyewe hauendi popote. Tunaopita ni sisi.

Kwa wasioelewa alitumia kitambaa. Alikikunja mara mbili, akakata mara moja, akainua vipande viwili. "Munaona? Mukasi moja, bipande bibili. Hiki ninashona. Kile kingine kiko tu palepale."

Mzee Manirakiza, Mrundi aliyeuza sabuni kibanda cha pili, aliuliza kama katika dunia hiyo bado ana nywele. Mwalimu alilifikiria swali kwa dakika nzima, akasema inawezekana sana. Manirakiza alishinda na furaha siku ile.

Lakini Mwalimu hakuihitaji dunia ya pili kwa ajili ya nywele za mtu. Aliihitaji kwa ajili ya Gentille, binti yake wa kwanza. Oktoba ile ya vita familia ilifika Baraka, ufukweni mwa ziwa: yeye, mkewe Antoinette, Gentille wa miaka sita, Cadeau wa miaka miwili, na Charlène, mdogo wake Antoinette. Boti ya Kigoma, Mwalimu alisimulia, ilikuwa imebakiza nafasi tatu. "Mi njo nilichagua," aliwaambia wateja. "Nikasema Gentille abakie na Charlène, batakuja na boti ya nyuma." Boti ya nyuma haikuja, wala habari zao. Ila kwa kuwa alichagua, alisema, upo upande ambako alichagua vingine. Huko Gentille alipanda. Huko anasoma, anapata pointi nzuri kwenye hesabu, na Kiswahili chake kimeanza kuharibika kwa Kichewa cha wenyeji.

Kila Oktoba alimshonea gauni. Vipimo alichukua kwa Gabriella, mjukuu wa Manirakiza, aliyezaliwa mwezi mmoja na Gentille. Gauni likiisha, Gabriella alilivaa. Hakuwa na maoni yoyote kuhusu fizikia.

Antoinette alikuwa nayo. "Dunia ni moja, Baba Gentille," alimwambia mumewe, "na maji yake mi njo ninabeba." Habari za Baraka hazikutajwa nyumbani kwao hata siku moja. Lakini mchana, alipomletea mumewe nsima, ugali wa huko, kibandani, alifika mara nyingi wakati hadithi imekwisha kufika kwenye shule ya Gentille. Alisimama na sahani mkononi mpaka pale penye hesabu, kisha akasonya, akaondoka.

Mwaka 2002 majina yao yalitokea kwenye orodha ya watu wa kuhojiwa Lilongwe, mji mkuu, ili wahamishiwe nchi ya mbali. Cadeau alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alikuwa amesema mtoto anahitaji kupasuliwa, na kwamba upasuaji huo haufanyiki huku. Kwa hiyo mahojiano yale yalikuwa moyo wa Cadeau, si kitu kingine.

Siku moja kabla walifikia Kauma, mtaa wa Lilongwe, kwa Vénérande, mwenzao wa kanisa. Mume na mke huhojiwa kila mmoja peke yake na majibu lazima yafanane, basi Antoinette alimkalisha Mwalimu kwenye kigoda akamuuliza kama mwanafunzi mzito: tarehe, majina ya vijiji, rangi ya boti. "Na usibaingizie bile bidunia byako." Walirudia yote isipokuwa Baraka yenyewe. Walipita hapo haraka, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Ofisi ya mahojiano ilikuwa Area 47, mtaa mwingine wa mji huo. Antoinette aliingia wa kwanza. Alipotoka akaketi kwenye benchi na mkoba wake, maana walikatazwa kusemezana. Kisha akaitwa Mwalimu. Mama mmoja mwenye miwani aliuliza kwa Kiingereza, na Nyandwi, mkalimani, akatafsiri. Mwalimu alijibu kifupi, alivyofundishwa, mpaka Baraka. Hapo akasema alichagua.

Yule mama aliweka kalamu chini.

"Mama Gentille yeye anasema vingine," alitafsiri Nyandwi. "Anasema nafasi zilikuwa za wote. Mutoto alienda kukojoa nyuma ya ukuta na mama yake mudogo, masasi ya bunduki ikalia, boti ikatoka. Hakuna mutu alichagua. Ya kweli ni gani? Kama hazifanane, dosye inalala, safari hakuna."

Mtu angedhani mwanamume angeshukuru kuambiwa hana kosa. Mwalimu aliogopa. Kama alichagua, vipande ni viwili. Kama hakuna aliyechagua, basi palikuwa na mtoto anayekojoa na boti inayoondoka, basi. Miaka sita ameibeba lawama ile kwa mikono miwili, kwa sababu bila lawama Gentille hakuwa na mahali pa kukaa.

Ukuta aliukumbuka vizuri. Ulikuwa umepakwa chokaa nusu.

"Ya mama njo ya kweli," alisema. "Hatukuchagua. Boti ilitoka."

Yule mama aliandika, akampa mahali pa kutia sahihi, akasema zikomo, yaani asante.

Nje walitembea mpaka barabarani. Antoinette ndiye aliyeanza.

"Pa Baraka, ulibaambia aje?"

"Kama wewe. Nilisema hakuna mutu alichagua."

"Haukubaambia ya kule?"

"Hapana. Kule hakuko. Cadeau atapasuliwa, Mama Gentille."

Mwalimu alitarajia angalau kusikia kwamba amefanya vizuri. Antoinette alikaa chini kando ya barabara, na nguo yake ya kanisani, akaanza kulia kwa sauti, watu wakipita.

"Miaka sita unaniambia iko kule, anasoma," alisema. "Sasa mutoto wangu iko wapi?"

Mwalimu aliketi karibu naye.