Likizo za Shemeji Dobi

Shemeji yangu ni dobi wa hospitali ya serikali, na tangu amwoe dada yangu sijawahi kumwona amepumzika. Kila mwaka karani wa utumishi alikuwa akimwita dirishani na kumuuliza, "Mzee, unakwenda likizo au unauza?" Naye alijibu, "Nauza." Serikali ilimpa pesa badala ya siku zake, akarudi kwenye mapipa yake ya kufulia, na mwaka ukapita. Nilikuwa namtania kwamba hata akifika peponi atauliza foronya chafu ziko wapi.

Nyumba yao yote imejengwa kwa likizo. Dada ndiye aliyekuwa bingwa wa kupanga matumizi, na alipenda kuwatembeza wageni. "Hapo ulipokaa ni likizo ya mwaka niliojifungua kitinda mimba. Bati hizi zimekula likizo mbili. Choo ni likizo ya mwaka jana, karibu, usione haya." Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Kilichobaki kilikuwa kibaraza cha mbele, wapate pa kukaa wakizeeka, wawili tu, bila kazi. Alinisimulia habari za kibaraza hicho mpaka nikachoka kuzisikia. Basi mwaka huu nao likizo ikauzwa, mifuko ya saruji ikapangwa sebuleni, na kabla fundi hajaja, dada akaanguka jikoni.

Ni moyo, madaktari wakasema, umechoka. Akalazwa wodi ya wanawake katika hospitali ile ile, dirisha la kitanda chake likitazama chumba cha kufulia. Watoto wao wanasoma mbali, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa naye. Shemeji alikuja saa ya kuona wagonjwa, mfuko wa matunda mkononi, vidole vimekunjamana kwa maji, akasimama kando ya kitanda kama mtu aliyekosea nyumba. Kengele ikilia anaondoka.

Siku moja dada akamshika mkono.

"Baba watoto, matunda basi. Nataka siku moja uje asubuhi, ukae hapa mpaka jioni. Ukae tu. Tangu unioe sijakaa na wewe mchana kutwa."

"Nitakuja," akasema.

Dada yangu hakuwa mtu wa kuomba. Na daktari alikuwa ameshanivuta pembeni akaniambia nisitarajie makubwa, nami nikamwambia shemeji, kwa hiyo sote wawili tulijua kwamba siku hiyo haiwezi kungoja. Akaenda kwa karani. Nilimsindikiza, maana shemeji mbele ya meza yenye mhuri huwa anapoteza sauti.

"Siku zako ulishauza, mzee," karani akasema. "Na pesa ulichukua. Ukikaa nje sasa itaonekana umelipwa mara mbili."

"Hata ruhusa ya kuuguza?" nikauliza mimi.

"Hiyo ni ya wenye wagonjwa wa mbali, dada. Wa kwake yuko humu humu. Ana bahati."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vidonge vyake, shemeji akanivuta tukatoka. Kesho yake akaita mkokoteni, akarudisha saruji yote dukani kwa bei ya hasara, akavaa shati lake la kutokea, akarudi dirishani na bahasha. Alitaka kuzinunua siku zake. Hata moja, akasema. Karani aliichukua ile bahasha, akachungulia ndani. Hakuwa mtu mbaya, naye pia alikuwa ameuza zake.

"Mzee wangu, serikali inanunua siku, haiziuzi. Nikipokea hii nitaiandika wapi?"

Akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, na hilo liliniuma zaidi ya kama angemfukuza.

Mimi ningetoroka. Nilimwambia shemeji hivyo wazi. Lakini dobi mwenzake alikuwa amestaafu na hakuletwa mwingine. "Nikitoroka, wodi nzima italala juu ya magodoro matupu," akanijibu. "Na yeye yumo." Mume wa dada yangu alikuwa na kichwa kigumu, na ubaya wake ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Asubuhi iliyofuata nesi akaleta shuka la dada likiwa bado na moto wa pasi. Kona moja ilikuwa imekunjwa mara mbili kwa ndani. Dada hukunja hivyo mashuka ya nyumbani, ili ajue upande wa kichwani. Akaipapasa ile kona, akalaza shavu juu yake.

"Ameshafika," akasema.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Shuka la moto, kona imekunjwa, na dada anafumba macho. Mimi nilikasirika.

"Shuka si mume," nikamwambia.

"Mwache," akasema, akicheka kidogo kwa sababu kucheka sana kulimchosha. "Ndivyo anavyojua kukaa."

Alifariki asubuhi, kabla shuka halijaletwa. Nilizunguka nyuma ya wodi nikikimbia, viatu nimeviacha chini ya kitanda. Nilimkuta shemeji ameshika pasi, shuka liko mezani nusu limekunjwa.

"Ameamka?" akauliza.

Aliniangalia usoni, kisha miguu yangu mitupu, akaweka pasi chini, akaikunja ile kona mara ya kwanza, akaikunja mara ya pili, akaibana kwa kiganja. Kisha akakaa sakafuni penye maji.

Ile bahasha ndiyo iliyolipia mazishi. Karani alikuja kutoa pole, akakaa na watu, na kabla ya kuondoka akamkabidhi shemeji karatasi ya likizo ya msiba. "Hizi haziuzwi, mzee," akamwambia taratibu. "Hizi ni lazima ukae nyumbani." Hakukusudia ubaya. Nadhani alijisikia vibaya kwa kila neno lililomtoka, maana aliaga haraka bila kuninyooshea mkono.

Nilipokwenda kumtazama baada ya watu kutawanyika, nilimkuta nje, mahali ambapo kibaraza kingekuwa. Ni udongo mtupu na vijiti vya fundi. Ametoa viti viwili vya sebuleni akaviweka bega kwa bega. Nikasogea nikae.

"Hicho kina mwenyewe, shemeji," akasema.

Nikaona shuka limewekwa juu yake, kona moja imekunjwa mara mbili. Nikakaa chini, kwenye udongo. Jua lilipokaribia kuzama akaniuliza jirani yao mwenye ng'ombe hupita saa ngapi akitoka malishoni, nikamwambia ameshapita. Akatikisa kichwa.

"Kumbe mchana ni mrefu hivi," akasema. "Tungeongea mengi."