Mfungwa wa Bernadine

Bernadine Wojcik hawezi kuua panya. Akimkuta kwenye jiko la shule anakopika, humwita mfagizi, halafu anageukia ukutani mpaka yaishe. Wapishi wenzake humcheka mpaka leo. Lakini ingia kwenye ukumbi wetu wa mtandaoni, ambako kila mmoja hushika mtu wake katika hadithi na kumwandikia maneno na matendo, utamkuta huyo huyo Bernadine ndiye Krell, mkuu wa gereza. Na Krell nisingependa hata mbwa wangu akutane naye.

Nilimwuliza zamani kwa nini yeye, mwanakwaya wa kanisani, ajichagulie mtu mwovu kiasi hicho. Akaniambia hadithi imejaa watu wema wanaosubiri mtu wa kuwapa kazi. Ndivyo alivyo. Na kwa uangalifu hakuna wa kumshinda: kabla ya kila kipande kizito humwandikia mwenzake pembeni, kwa jina lake halisi, na kumwuliza, "Tuendelee au tuishie hapa?" Asipojibiwa, haandiki hata nukta. Mimi ndiye mwangalizi wa ukumbi. Wasiojua adabu hiyo nimewafukuza, na sijutii hata mmoja.

Mfungwa wa Krell alikuwa akiandikwa na Lowell Halvorson, muuza dawa wa Eau Claire, mtu mpole mpaka anakera. Mwaka mmoja tukaamua kukutana ana kwa ana hapa Stevens Point, mgahawani, kula samaki wa kukaanga wa Ijumaa. Lowell akaja na mkewe, Corinne. Kumbe Corinne alikuwa ameshasoma kila kitu walichoandikiana.

Hakungoja hata samaki wafike. Alimtazama Bernadine, mama wa watu na sweta lake la maua, akamwuliza kama ndiye aliyemfunga mume wake kamba gizani na kumcheka alipoomba maji. Bernadine akasema ndiyo, yeye ndiye aliyeandika. Corinne, kwa sauti ya chini inayotisha kuliko makelele, akasema mume wake halali vizuri, huamka akitweta, na sasa amejua chanzo. Akasema mtu wa namna hiyo hafai kuwa karibu na watoto wa watu.

"Jumatatu asubuhi napiga simu shuleni kwenu," alisema. "Nitawasomea neno kwa neno. Tuone kama utashika mwiko tena."

Damu ilinichemka. Kwa sababu mimi nilijua, Bernadine alijua, na Lowell, aliyekaa pale macho kwenye kabichi yake, alijua kuliko sote. Miaka ya nyuma, akiwa zamu ya usiku, majambazi walivamia duka lake la dawa wakamfunga stoo, na mmoja wao akabaki naye mpaka alfajiri akimdhihaki na kumtesa. Mkewe aliambiwa tu kwamba waliiba wakaenda zao. Lowell mwenyewe ndiye aliyetuomba. Alitaka Krell awe yule mtu, aseme yale yale aliyoyasema, ili safari hii yeye apate la kumjibu.

Sentensi moja tu ingemwokoa Bernadine. Nikafungua mdomo, akanikanyaga mguu chini ya meza, tena kwa kisigino. Kwetu siri ya mwenzako si mali yako. Lakini jamani, Bernadine ni mjane, hana mwingine wa kumlisha, na kazi ya shuleni ukifukuzwa kwa aibu hupati nyingine. Nikamchukia Lowell, nasema kweli. Mwanamume mzima anamwacha mwenzake achinjwe mbele yake, yeye anachezea uma.

Corinne akamwuliza Bernadine kama hana hata la kujitetea. Bernadine akamtazama Lowell, akasema polepole, "Lowell, tuendelee au tuishie hapa?"

Mhudumu akaleta samaki, akapanga sahani, hakuna aliyemshukuru. Nilijua Lowell akisema tuishie, Bernadine atanyanyuka, atavaa koti lake na kwenda kupoteza kazi bila kulalamika. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa angeumbuka aliyemwuguza mgonjwa. Nilikuwa tayari kurusha sahani.

"Endelea," Lowell akasema.

Bernadine akamweleza Corinne kwa ufupi, bila kupamba: ile stoo, yule mtu, maji yaliyomwagwa sakafuni mbele ya mwenye kiu. Akamwambia yale maneno machafu aliyoyasoma si yeye aliyeyabuni. Na kwamba mwanzoni mfungwa wa Lowell hakuwa akijibu kitu, kurasa kwa kurasa, ila siku hizi anajibu.

Corinne rangi ikamtoka. Nilidhani ataomba radhi. Wapi. Alimgeukia mumewe.

"Nalala ubavuni mwako miaka yote hii," alisema, "halafu unaenda kumwambia mtu ambaye hata sura ulikuwa humjui?"

"Wewe ungenihurumia," Lowell akasema. "Yeye hakunihurumia. Nilitaka mtu asiyenihurumia, nione kama nitaweza."

Hapo hasira yangu yote kwa yule mwanamke ikaniishia. Alikuja kupigana na adui wa mumewe, akakuta mume ameshapigana bila yeye. Corinne akamwuliza Bernadine, si kwa ukali tena, yule mtu alimfanya nini Lowell kabla ya kuondoka. Bernadine akavuta pumzi ili amjibu.

Lowell akainua mkono. "Hapo basi. Hilo nitamwambia mwenyewe."

Wakatoka, wakaenda kukaa ndani ya gari lao kwenye baridi, injini inanguruma. Tuliwaona dirishani: Lowell anaongea, mkewe amempa mgongo, halafu anamgeukia. Samaki wao wakapoa.

Nikamwambia Bernadine amepona, hakuna tena wa kupiga simu shuleni. Akasema anajua. Akasema amemfurahia Lowell kwa moyo wote, huku machozi yanamtiririka kwenye sweta lake la maua, kwa sababu alijua mfungwa wake hatarudi kumwandikia tena.