Kidole cha Fundi Sauti

Fundi sauti wa televisheni yetu ya watu wenye ulemavu, hapa Chang'ombe, haoni. Kila asubuhi hupitisha nyaya zote vidoleni, taratibu, kama mtu anayechambua mchele, kisha huvaa hedifoni na kuketi. Akiinua kidole, kamera zote husimama. Jana kilipanda mara tatu. Hamida, mtangazaji wetu, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, alimuuliza afisa mmoja ni lini zahanati itajengewa njia ya kupitisha viti kama chake. Afisa akanijibu mimi, niliyesimama nyuma ya Hamida na karatasi za maswali. Kidole juu.

"Kuna kelele?" afisa akamuuliza fundi.

"Hapana, mheshimiwa. Sauti yako inampita Hamida juu, inakwenda kwa huyo dada aliyesimama. Aliyekuuliza amekaa."

Afisa akacheka, akaanza upya, akanitazama tena. Kidole. Kilipopanda mara ya tatu, afisa akaguna.

"Braza, nina kikao mie."

"Na sie tuna kipindi."

Afisa akavuta kiti cha plastiki, akaketi, akamtazama Hamida usoni.

"Dada, kusema kweli, bado hatujaipanga."

Nilimgeukia fundi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imetulia mapajani.