Prosesa ya Huguette na Kiatu cha Nkambo

Huguette wa Manika, mjini Kolwezi, hupiga video za arusi, na atakuambia bila haya kwamba hakuna chozi la bi arusi lililowahi kumponyoka. Ana kamera nzuri kupita kiasi na kompyuta ya mezani iliyochoka kupita kiasi, na viwili hivyo havijawahi kupatana.

Jumamosi aliolewa Ndaya, mdogo wake. Nyanya yao Mwadi, ambaye nyumbani wote humwita Nkambo, alikuja kwa lori kutoka Kisenge, safari ambayo hakuwa ameifanya kwa miaka minane. Na katikati ya sherehe Nkambo alicheza. Jamani, alicheza! Alishuka mpaka chini, akapanda, akazunguka, na wachimbaji wa Mutoshi wakasimama juu ya viti kumshangilia. Kesho yake akakana katakata.

— Mi sikuchezaka, alisema. Nilikuwa natafuta kiatu yangu.

Siku aliyomzika mumewe aliapa hatacheza tena, na Nkambo hakuwa tayari kuonekana amevunja kiapo. Huguette akamketisha mbele ya kompyuta ajionee mwenyewe. Lakini picha zilikuwa nzito, na mashine ikashikwa na kigugumizi: Nkambo akaonekana mguu juu, akaganda, akaonekana tena kando ya meza ya keki, akaganda.

— Muliona? Nasimama tu.

Nyumba nzima ikacheka, isipokuwa Huguette. Kwenye kidirisha cha kamera nako macho ya Nkambo yaliona sisimizi waliovaa suti, basi. Dawa ilikuwa moja, kuiunganisha filamu yote upya iwe nyepesi. Jumatatu Huguette alikata na kupanga picha mpaka saa nane mchana, akaiuliza kompyuta, nayo ikajibu kuwa kazi itachukua saa saba. Umeme wa mtaani kwao hukatika jioni na kurudi saa kumi na mbili alfajiri. Lori la Alimasi, ambalo lingemrudisha Nkambo Kisenge, lingeondoka Jumanne saa sita mchana. Saa saba haziingii ndani ya saa sita, hata uzikunje vipi.

Ndipo akaamua kuipandisha kompyuta mwendo. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani imeshapangiwa kasi yake, na ya Huguette ilikuwa ya aina inayokubali kuongezwa. Kanuni aliijua: ongeza kidogo, jaribu, tazama joto, andika, ndipo uongeze tena. Akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla kompyuta haijaamka, akaanza na memori. Vipande vyake vimeandikwa 3000 ubavuni, kumbe miaka yote vilikuwa vinatembea kwa 2133! Akachagua mpangilio wake halali, akapitisha jaribio la memori, kosa sifuri. Huguette akacheza kidogo peke yake kwenye kiti.

Akaigeukia prosesa. Kutoka gigahezi 3.5 akaipeleka 3.7, ikashika. Akaipeleka 3.9, ikashika. Kila hatua akaiandika kwenye daftari. Kufika 4.0, ikazimika katikati ya jaribio.

— Inakosa voltage, alisema kwa sauti. Nitaongeza kiloko tu.

Sebuleni alikuwepo Kankolongo, mumewe. Sasa, mtu wa Kolwezi akisikia voltage imepungua, mkono wake huenda wenyewe kwenye stabilizeta, kile kisanduku chenye kitasa cha kuinua umeme wa ukutani unapodhoofika. Huguette alikuwa anazungumzia chembe ya voltage ndani ya prosesa, tarakimu ya tatu baada ya nukta. Kankolongo, mume mwema, akazungusha kitasa mpaka mwisho.

Taa ya sebuleni ikapasuka, pa! Kompyuta ikazimika. Nkambo akapiga vigelegele, akidhani sherehe imeanza upya.

— Tata! Unafanya nini? Huguette alimfokea mumewe.

— Si umesema voltage haitoshe? Nakusaidia, mama!

Huguette akaifungua kompyuta, akainusa kila kona. Hakuna kilichoungua. Fyuzi ya stabilizeta ndiyo iliyokufa kishujaa kwa niaba ya wote. Lakini chini ya feni, kati ya mabati membamba yanayoipooza prosesa, alikuta vumbi jekundu limeshikana kama blanketi. Akakaa sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe prosesa haikukosa voltage hata kidogo, ilikosa hewa! Joto ndilo lililoizima, na yeye maneno "tazama joto" aliyaandika kwa herufi kubwa kwenye daftari, kisha asitazame.

— Mi fundi ya namna gani, nasahau vumbi, mu Kolwezi!

Akayasugua mabati kwa brashi ya rangi, akapaka upya ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, akabadilisha fyuzi, akawasha. Kwa 4.0, joto nyuzi sitini na nane. Kwa 4.2, sabini na nne, na jaribio la saa nzima likapita bila yeye kuigusa voltage. Akapiga kelele, akamkumbatia Kankolongo aliyekuwa bado anaomba msamaha. Namba 4.3 ilimwita kwa sauti tamu, naye akakataa kuisikia.

Jumanne umeme ulirudi saa kumi na mbili na dakika tano. Kazi itachukua saa tano na nusu, ikasema kompyuta. Ilipomaliza, Alimasi alikuwa ameshapiga honi mara tatu, na sasa alisimama mlangoni mwenyewe.

— Mama, twende. Gari imejaa.

Nkambo alikuwa ameketi, furushi mapajani. Huguette akaiwasha filamu, nayo ikatiririka bila kukwama hata mara moja. Nkambo akajiona akishuka, akipanda, akizunguka. Akausogeza uso karibu na skrini.

— Rudisha.

Huguette akarudisha.

— Sasa weka polepole.

Huguette, aliyehangaika tangu jana kutafuta mbio, akapunguza mwendo hadi nusu. Kwenye skrini Nkambo akashuka taratibu, mikono mbele, kana kwamba kuna mtu anamshika.

— Hivi njo nilichezaka na bwana yangu, alisema, akacheka kwa furaha tupu.

Alimasi akatoka nje. Wote wakangojea honi ya nne, wakasikia injini ya lori ikizimwa.

— Na kiatu, Nkambo? akauliza Kankolongo.

— Nilionaka zamani, alijibu, macho bado kwenye skrini. Ilikuwa mu muguu.